Hodi Kabla ya Kuingia: Namna ya Kuirudishia Simu Yako Kuta na Milango

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu katika karne ya 18 walifikiri sana juu ya nani aone nini. Nje kuna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili, na mwenye nyumba alimaliza hapo shughuli zake nyingi bila mtu kuvuka kizingiti. Ukipita mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha njia inakata kona, kwa hiyo hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni kitu ila ukuta. Halafu kiwanda, ua unaoingiza mwanga. Halafu misana miwili, yaani kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia. Halafu ndani, chumba cha faragha kuliko vyote, penye zidaka, yaani vishubaka vya chokaa ukutani. Mgeni wa kulala alipewa sabule, chumba kilichotengwa makusudi ili asipite katikati ya familia. Juu ya vichochoro vingine palijengwa wikio, chumba kinachovuka njia na kuunganisha nyumba mbili, wanawake wakatembeleana bila kushuka mtaani.

Na kabla ya yote hayo, hodi. Unasimama pembeni ya mlango, usije ukatazama ndani. Ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka bila kinyongo.

Sitara hiyo haikuwa ya wote. Bibi wa kiungwana alitembea Lamu ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa, na waliolibeba hawakuwa na mlango wa kujifungia. Baadaye ukoloni ulifika mpaka mwilini: Kenya, katika miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa na kipande, hati yenye jina lake, alama za vidole na habari za kazi yake, akiivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Polisi au mzungu wa shamba alikifungua akasoma, bila hodi. Kipande kilidumu hadi 1947.

Tunayakumbusha haya kwa sababu ndiyo kipimo cha kazi iliyo mbele yetu. Faragha ni kupanga vyumba: huyu aishie daka, huyu afike msana, huyu aingie ndani. Simu imewaweka wote chumba kimoja, yaani mkopeshaji, mwajiri, shemeji, fundi, na mtu uliyemtumia pesa mara moja sokoni. Kazi ya kuzirudisha kuta inachukua kama saa mbili. Ifuate kwa zamu tuliyoipanga, maana hatua ya mwanzo ikiwa mbovu za mbele hazisaidii. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Tumeeleza njia za Android kwa kuwa ndizo zinazoshikwa na wengi.

ANZA NA LAINI

Watu wengi hufunga kioo cha simu na kuiacha laini wazi. Mwizi hahangaiki na kioo chako. Anachomoa laini, anaitia kwenye simu yake, na ndani ya dakika chache anapokea misimbo ya WhatsApp, ya barua pepe na ya benki. Laini ndiyo mlango wa mtaani.

1. Piga *106#. Nchini Tanzania na Kenya namba hiyo hukuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, uombe ifutwe, na uondoke na ushahidi wa maandishi. Ulaghai ukifanywa kwa laini hiyo, njia inarudi kwako. Laini za namna hii mara nyingi huzaliwa pale msajili wa mtaani anapokwambia "alama haijasoma, weka kidole tena". Akikuambia hivyo, omba uone skrini kwanza.

2. Weka PIN ya laini. Fungua Mipangilio, kisha Usalama, kisha sehemu ya kufunga laini. Mara ya kwanza itadai PIN iliyokuja na laini, ambayo huandikwa kwenye kadi ya plastiki laini ilikotolewa. Huna kadi hiyo? Waulize huduma kwa wateja, usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini hufungwa na kudai PUK, namba ya kuifungulia laini, ya tarakimu 8; ukikosea PUK mara 10 laini imekufa, na utaanza safari ya kuipata upya dukani. PIN mpya isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala namba ya siri ya pesa zako.

3. Angalia kama simu zako zinaelekezwa kwa mtu mwingine. Piga *#21#, kisha *#67# na *#62#. Ikionekana namba usiyoijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote. Utapoteza pia huduma ya ujumbe wa sauti kama ulikuwa nayo, unaweza kuirudisha. Matapeli hukupigia wakijiita mafundi wa mtandao na kukuomba ubonyeze nyota, 21, nyota, namba fulani, reli. Ukifanya hivyo, simu inayosoma msimbo kwa sauti inaenda kwao.

4. Laini ya zamani usiitupe kienyeji. Isipotumika kwa miezi kadhaa, mtandao huirudisha sokoni na mtu mwingine huinunua, na ujumbe wa benki yako humfikia yeye. Kabla ya kuiacha, iondoe kwenye benki, barua pepe, WhatsApp na kila ulikojisajili.

Kumbuka pia kuwa namba yako inabeba jina lako. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa kwa simu, mfumo humwonyesha jina ulilosajilia kabla hajathibitisha. Kwa hiyo namba unayobandika kwenye tangazo la kuuza kochi ni namba na jina. Anayefanya biashara na watu asiowajua awe na laini ya pili ya daka, isiyounganishwa na benki.

WHATSAPP: HAPA NDIPO PANAPOVUJA ZAIDI

Ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa, na njiani hausomeki. Unavuja kwenye miisho: simu yako, simu ya mwenzio, kompyuta iliyounganishwa, na nakala rudufu.

Fungua Mipangilio, ingia Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua PIN ya tarakimu 6, nayo itaombwa kila akaunti inapowekwa kwenye simu mpya. Weka na barua pepe. Wengi huiruka sehemu hiyo, halafu wakisahau PIN hulazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuingia.

Kisha fungua vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja hukubali hadi vifaa 4 pamoja na simu. Ukiona kompyuta usiyoijua, iguse, iondoe. Mara nyingi ni ile ya steshenari au saiba ulikochapisha cheti miezi mitatu iliyopita: ulipiga picha msimbo wa mraba (QR), ukachapisha, ukaondoka, na mazungumzo yako yakabaki wazi pale kaunta. Simu yako isipotumika kwa siku 14 vifaa hivyo hujitoa, lakini nani hukaa siku 14 bila WhatsApp?

Ukishatapeliwa msimbo, usipoteze muda kubishana na mwizi. Weka namba yako upya, andika msimbo mpya utakaoletwa kwa SMS, naye atatolewa papo hapo. Kama alishaweka PIN yake utasubiri siku 7, ila hata yeye atakuwa nje. Wapigie jamaa kwa simu ya kawaida uwaambie wasitume pesa.

Nakala rudufu inahitaji uangalifu. Ikihifadhiwa kwenye Google bila kufungwa, anayeingia barua pepe yako yuko karibu na mazungumzo yako yote. Tangu 2021 unaweza kuifunga kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Ukipoteza nenosiri hilo hakuna wa kukufungulia, hata WhatsApp wenyewe. Liandike kwenye karatasi, lifungie na hati za kiwanja.

Mwisho, kwenye Faragha, picha yako, muda ulioonekana na ruhusa ya kukuingiza kwenye makundi viwe kwa namba ulizohifadhi tu. Makundi ya harusi na misiba yana watu mia mbili wasiojuana, na kila mmoja anaiona namba yako. Hatusemi uyakimbie, msiba ni msiba. Lakini usitume humo nakala ya kitambulisho, hati ya hospitali, wala muda utakaokuwa safarini na nyumba ikabaki tupu.

RUHUSA, NA MIKOPO YA KAUSHA DAMU

Programu inapoomba ruhusa, hiyo ndiyo hodi yake. Tochi haina sababu ya kuomba orodha ya majina. Programu ya kuhariri picha haina haja ya kujua ulipo. Fungua Mipangilio, Faragha, kisha msimamizi wa ruhusa, upitie makundi manne kwanza: majina, SMS, mahali na maikrofoni. SMS ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu misimbo ya benki hupita humo. Iachie programu ya ujumbe peke yake, na uwe na sababu nzito ukiongeza nyingine. Kwa mahali, chagua "wakati wa kutumia tu". Kuanzia Android 12 unaweza pia kuzima mahali kamili ukatoa makadirio, yanayotosha kwa hali ya hewa ingawa hayatoshi kwa bodaboda wa kukufuata mlangoni.

Orodha ya majina tuiongelee kwa kirefu. Majina yale si mali yako peke yako: yumo mama mkwe, mwalimu wa mtoto, bosi, daktari. Wakopeshaji wa mtandaoni wa kausha damu, yaani mikopo ya masharti ya kunyonya, walijenga biashara juu yake. Unakopa 5,000, unachelewa siku mbili, na watu wote simuni mwako wanapigiwa kuambiwa wewe ni mdaiwa sugu. Kinachowekwa rehani pale ni aibu yako. Google ilizizuia programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ila sharti hilo linahusu duka lake tu. Faili ya programu iliyotumwa kwa kiungo cha WhatsApp au Telegram haipiti ukaguzi huo, na ndiyo maana hutumwa hivyo.

Kabla ya kukopa, hakikisha jina la mkopeshaji limo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya au Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Novemba 2024 BoT ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini.

Kama umeshaingia mtegoni, zamu ya kufanya ni hii. Kwanza piga picha za skrini: masharti, kiasi ulichopokea, kiasi unachodaiwa, ujumbe wa vitisho na namba zilizoutuma, tarehe zikionekana. Ukiifuta programu mapema ushahidi huo unapotea. Pili, ondoa ruhusa zote. Tatu, futa programu. Elewa kwamba kufuta hakurudishi majina yaliyokwishachukuliwa; yako kwenye kompyuta zao. Kwa hiyo hatua ya nne ni kuwatangulia: watumie unaowaheshimu ujumbe mfupi kwamba huenda wakapigiwa kuhusu mkopo, wasijibu na wasilipe chochote. Vitisho vyao vinategemea mshtuko, na asiyeshtuka hawana la kumfanya. Tano, waandikie mkopeshaji ukitaka majina yote yafutwe. Sita, lalamika kwa mamlaka, tutakayoitaja hapa chini. Deni halali linabaki deni, lilipe kwa njia yenye risiti. Lakini deni halimpi mtu haki ya kumpigia mama mkwe wako.

KARATASI NA MADAFTARI

Daftari la mlinzi getini na daftari la wakala hubeba jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho, mstari juu ya mstari, na kila anayekuja baadaye anasoma ya waliotangulia. Muulize mlinzi nini hasa kinahitajika. Mara nyingi jina na saa vinatosha. Wakala anahitaji kukiona kitambulisho. Kukipiga picha kwa simu yake binafsi ni jambo jingine, nawe una haki ya kukataa.

Ukitoa nakala ya kitambulisho, chora mistari miwili ya mshazari juu yake na uandike kati ya mistari: "Kwa ajili ya mkataba wa nyumba tu", tarehe, na jina la anayepewa. Maandishi yapite juu ya sehemu ya picha lakini namba zisomeke, la sivyo utarudishwa. Steshenari, peleka faili kwenye flashi badala ya WhatsApp, simama hadi lifutwe kwenye kompyuta na kwenye pipa la taka la kompyuta, na uchukue hata nakala zilizoharibika.

Alama za mwili zina uzito wa pekee. Nenosiri likivuja utaweka jingine. Mboni ya jicho huna ya akiba. Mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC, jumba la mikutano la Nairobi, wakapigwa picha ya mboni na mradi wa Worldcoin kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku 7. Akikuomba kidole au jicho mtu asiye benki, mtandao wa simu au ofisi ya serikali, uliza maswali matatu: ya nini, inahifadhiwa wapi, inafutwa lini. Asipojibu yote, usimpe.

WATU WA NDANI

Wengi wanaopekuliwa hupekuliwa na mtu wa karibu. Kidole cha aliyelala kinafungua simu. Namba ya siri hudai mwenyewe awe macho. Tumia namba ya tarakimu 6, na zima kidole kama una shaka. Zima maandishi ya ujumbe yasitokee juu ya kioo kilichofungwa. Pitia akaunti ya Google sehemu ya vifaa, na kwenye ramani uone kama unamtumia mtu mahali ulipo bila kujua.

Kama anayekufuatilia ni mtu mkali, usikate kila kitu kwa siku moja. Kifaa kikiondolewa, naye anaona kimeondolewa, na hasira inaweza kuja nyumbani jioni hiyo. Tafuta kwanza simu nyingine au mtu wa kuaminika, piga picha ushahidi, panga pa kwenda, ndipo ukate.

Watoto wana ndani yao pia. Picha ya mtoto mwenye sare inataja shule, na ya kila asubuhi getini inataja saa. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha, alama za mahali huondolewa. Ikitumwa kama faili, hubaki.

SHERIA INASEMAJE, NA UITUMIEJE

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inakukinga dhidi ya kudaiwa habari za familia au za binafsi bila ulazima. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inataja maisha binafsi, unyumba, maskani na mawasiliano. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; Uganda ina yake ya 2019 na Rwanda ya 2021.

Kenya, ukiomba kuona taarifa zako, taasisi ina siku 7 kukuonyesha, na siku 14 ukiomba zifutwe. Barua iwe fupi: jina lako, namba uliyosajilia, unachotaka, kifungu cha haki ya mhusika wa data, tarehe. Tuma kwa barua pepe ili muda uhesabike. Siku zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye ana siku 90 kuyamaliza. Tanzania, malalamiko huenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Malalamiko mengi hukwama kwa jambo dogo: mlalamikaji hana ushahidi kwamba aliwaandikia wahusika kwanza.

Na sheria inauma kweli. Septemba 2023 Kamishna wa Kenya alitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kumtangaza mteja wake mtandaoni bila ridhaa. Ukipigwa picha ukila chakula chako kisha ukajikuta kwenye tangazo, unayo njia.

FUNDI, NA KUIUZA SIMU

Ukipeleka simu kwa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kwenye simu kadhaa za Samsung na Pixel iko hali ya matengenezo, inayomwachia fundi simu yenye kuwaka huku picha na ujumbe vikiwa vimefungwa, iwashe. Kama haipo, usimwandikie fundi namba ya siri kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya simu. Ngoja pale, au rudi kufungua mwenyewe wakati wa majaribio.

Ukiiuza: hifadhi picha na majina kwingine, toa akaunti ya Google kwenye Mipangilio, na baada ya hapo tu ndipo uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukianza kwa kufuta kabla ya kutoa akaunti, simu inaweza kumdai mnunuzi nenosiri lako, naye atakupigia usiku akiliomba. Usimpe, mwambie ailete uingie mwenyewe. Kadi ya kumbukumbu usiiuze pamoja na simu. Picha zilizofutwa humo mara nyingi hurudishika kwa programu ya bure, na kadi mpya ni bei nafuu kuliko matatizo hayo. Ivunje vipande viwili kwa koleo.